Bishar Alisema Tufe

"Wakifika kwa boti, lazima wafa. Wote wawili."

Nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya ukuta wa mawe, kiatu kimoja mkononi, nikichomoa mwiba kisiginoni. Nikauacha mwiba palepale.

"Mwalimu ndio atafa kwanza," sauti ikaendelea upande wa pili. "Halafu bwana yake."

Sauti ilikuwa ya Bishar.

Mwalimu nilikuwa mimi.

"Na wakikataa?" akauliza mwenye boti.

"Wakikataa, mimi na wewe tunashika wao kwa nguvu. Lakini saa hii usiambie wao kitu. Wataogoba bure."

"Haya. Kamba nimeshazikaza."

"Nzuri ziko ngabi?"

"Mbili tu. Ya tatu imeoza."

"Mbili inatosha. Wao ni wawili."

Msomaji wangu, nitakueleza polepole na kwa mpangilio. Mara ya kwanza kisa hiki nilikiandika kwa haraka, kwa maneno kumi na moja tu, na maneno hayo hayajaacha kutembea mpaka leo. Kwa hiyo nivumilie.

Naitwa Kananu. Kwetu ni Meru. Nafundisha Kiswahili katika shule moja mtaa wa Galbet, mjini Garissa, na huu ni mwaka wangu wa nne.

Sisi walimu tuliotoka bara tuna hofu moja ambayo hatuitaji kwa jina. Ukienda sokoni unaibeba. Ukipanda basi la kwenda nyumbani unaibeba, kwa sababu kuna wenzetu walioshushwa basi wakauawa. Hakuna anayekufundisha, unaikuta kwenye nyumba za walimu kama unavyokuta kitanda na ndoo.

Mume wangu Vincent hakuwahi kuja Garissa. Yeye hutengeneza friji pale Maua, na miaka mitatu yote mimi ndiye niliyekuwa nikienda. Aprili hii, shule zilipofungwa, akasema safari hii anakuja yeye.

"Nataka kuona kinachokuweka huko," akasema.

Bishar alikuwa baba wa Sadia, mwanafunzi wangu wa darasa la sita. Alikuwa na shamba la ndizi na nyanya kando ya mto Tana, analimwagilia kwa pampu. Alikuja shuleni mara ya kwanza kuuliza kwa nini alama za Sadia za Kiswahili ziko chini. Nikamwonyesha daftari. "Babai" badala ya papai. "Bilau" badala ya pilau. Kila kosa na alama yake nyekundu.

Alicheka mpaka akashika meza.

"Mwalimu, hiyo kosa si ya mtoto. Ameokota kwa nyumba."

Tangu siku ile, kila Ijumaa Sadia alikuwa akiniletea ndizi kwenye mfuko.

Bishar aliposikia mume wangu amefika, alikuja kumsalimia.

"Karibu Garissa, Finsent. Umeona nini mbaka sasa?"

"Nimeona jua," akasema Vincent.

"Haye. Jua ni ya bure. Kesho nitaonyesha nyinyi kitu ingine."

Akatuambia kuhusu magofu. Mwendo wa saa mbili kwa boti, kuteremka mto, kuna kuta za mawe za mji wa zamani. Hakuna anayejua ni wa nani. Wazee husema waliishi watu warefu sana, kabla ya Msomali, kabla ya kila mtu, na kwamba hao ndio waliochimba na visima vya kule Wajir. Barabara haifiki. Lazima boti.

Bishar alipoondoka, Vincent akaniambia, "Huyu amenibatiza mara ya pili. Finsent." Tukacheka.

Jirani yangu Caro, mwalimu wa hesabu, hakucheka.

"Unaenda mtoni? Na nani?"

"Na baba Sadia."

"Mahali barabara haifiki. Kananu, umechoka kuishi?"

"Namjua, Caro."

"Unajua ndizi zake."

Asubuhi tulipiga picha kwenye kivuko, mimi, Vincent na Bishar katikati, mikono yake mabegani mwetu. Nikaiweka kwenye status ya simu yangu. *Leo ni leo, tunaenda magofuni.* Ikumbuke picha hiyo.

Mwenye boti alikuwa Mzee Komora, mtu wa mtoni tangu kuzaliwa. Kwa sababu yeye si Msomali na Bishar hajui lugha ya watu wa mto, wawili hao walizungumza Kiswahili. Hilo pia likumbuke.

Safari ya kwenda ilikuwa nzuri. Maji ya mto yalikuwa chini, mchanga unaonekana pande zote. Tuliona viboko watatu. Vincent, ambaye hajui kuogelea, alishika ukingo wa boti mpaka vidole vikawa vyeupe, lakini alikuwa akitabasamu.

"Nyumbani mvua imenyesha wiki nzima," akamwambia Komora. "Huku hata wingu hakuna."

Komora akamtazama. Akatazama maji. 

Tulipofika, alivunja kijiti akakichomeka mchangani, pale maji yanapoishia. Nilidhani ni mchezo wa mzee.

Magofu yenyewe yalikuwa kuta nne au tano, zingine zimefika kiunoni, zingine zimenipita kichwa. Mawe yamepangwa bila udongo katikati. Miti ya miiba imeota ndani ya vyumba. Palikuwa na kimya cha kukufanya uzungumze kwa kunong'ona.

Halafu nikachomwa na mwiba. Nikachuchumaa nyuma ya ukuta. Mengine umeshayasoma.

Sasa nataka uelewe jambo moja. Bishar alisema "lazima wafa". Hakusema "wafe". Mimi kwa miaka tisa nimesahihisha Kiswahili cha watu. Kichwa changu hakikungoja. Kilichukua kalamu nyekundu chenyewe, kikasahihisha: lazima *wafe*. Mwalimu *atakufa* kwanza.

Nilichungulia kwenye ufa kati ya mawe. Bishar na Komora walikuwa wamekaa chini. Kati yao gunia, na ndani ya gunia vitu viwili vigumu, vipana. Komora alikuwa akivuta kamba nyeusi kwa meno.

Nikarudi nyuma kwa magoti. Sikuvaa hata kiatu.

Vincent alikuwa chumba cha mwisho, akipiga picha.

"Vincent, njoo. Usiangalie nyuma."

"Ngoja, moja tu."

"Wanataka kutuua."

Akacheka. Halafu akaniona uso.

"Nani?"

"Bishar. Amesema tufe. Mimi kwanza, halafu wewe."

"Amesema kwa Kisomali?"

"Kwa Kiswahili. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, Vincent. Hilo nimelisikia."

Akarudisha simu mfukoni. 

"Tumuulize," akasema.

"Unamuuliza mtu kama anataka kukuua?"

 Wakati ule nilidhani nimesema neno la busara.

Simu yangu haikuwa na mtandao. Nikapanda ukuta, mawe yakiteleza chini ya miguu, nikainua simu juu. Mstari mmoja ukatokea. Niliandika jina la Caro mara tatu kabla ya kulipata.

*Bishar anataka kutuua. Tuko magofuni kando ya mto. Ita polisi. Haraka.*

Ikaenda. Mtandao ukapotea tena.

Hayo ndiyo maneno yangu kumi na moja. Yahesabu.

"Waalimu!" Bishar akaita kutoka chini. "Nyinyi bumzika kidogo. Sisi tunaswali, halafu tunatoka. Leo hatukai."

*Leo hatukai.* Asubuhi alikuwa ameahidi tungekaa mpaka alasiri.

Tuliwaona wakitawadha kwa maji ya kibuyu. Wakasimama bega kwa bega, wametupa mgongo. Gunia lilikuwa kando yao.

"Sasa," nikamwambia Vincent.

"Kananu..."

"Sasa, au hatutoki."

Tukateremka kwa vidole. Wakainama, tukatembea. Wakasimama, tukajificha. Waliposujudu tulikimbia.

Nimeyakumbuka mengi ya siku ile, lakini hilo ndilo huniamsha. Tuliiba boti yao wakati mapaji ya nyuso zao yako mchangani.

Ukingoni nikatafuta kijiti cha Komora. Hakikuwepo. Pale alipokichomeka palikuwa maji. Boti, ambayo tuliiacha juu ya mchanga mkavu, ilikuwa inaelea kwenye kamba yake.

Niliona. Sikufikiri. Nilifurahi tu kwamba haitakuwa nzito kuisukuma.

Vincent akavuta kamba ya injini. Kimya. Akavuta tena. Kimya. Mara ya tatu tulikuwa tayari katikati ya mto, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba si sisi tunaoendesha boti.

Maji yalikuwa ya rangi ya chai, yamebeba matawi, majani, jerikeni, ndala ya mtoto. Kule kwetu mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, na mvua hiyo ilikuwa sasa imefika.

"Kananu, shika kitu," akasema Vincent. Sauti yake ilikuwa nyembamba sana.

Mti mzima ulikuwa umelala katikati ya mto, mizizi juu. Boti ikaugonga kwa ubavu, ikapanda, ikalala upande, ikakwama. Maji yakaanza kuingia.

Vincent alikuwa akiyachota kwa viganja. Ungemwona. Mto mzima ule, na yeye anauchota kwa viganja.

Nikatazama ukingoni. Bishar alikuwa anakimbia, kanzu ameifunga kiunoni, gunia begani. Hakutufikia. Akasimama juu yetu kidogo, mahali maji yanapokata kona, akatoa vitu viwili vya rangi ya machungwa kwenye gunia, akaviweka kwapani, akaingia mtoni.

Anakuja kumaliza, nikajiambia. Hata mto haumtoshi.

Kichwa chake kilikuwa kinazama na kutokea. Kila kilipotokea kilikuwa karibu zaidi. Nikachukua kasia.

"Kananu, subiri," akasema Vincent.

Mkono wa Bishar ukashika ukingo wa boti. Nikampiga. Ubapa wa kasia ulimpata juu ya jicho la kushoto. Nilisikia mlio wake, mkavu, kama kuni.

Hakuachia. Damu ikamshukia usoni, mto ukaiosha, ikashuka tena. Akanitazama kama mtu ambaye hajaelewa swali.

"Mwalimu," akasema, akitema maji. "Fa."

Nikainua kasia tena.

"Fa! Fa haraka!"

"Nimekukosea nini?" Nilikuwa nalia. "Bishar, kwa nini nife? Nimekukosea nini?"

Akakunja uso. Akanitupia kitu cha machungwa mapajani. Kilikuwa kizito kwa maji, na kamba zake nyeusi zilikuwa zimefungwa mafundo mapya, yamekazwa vizuri.

"Jaketi," akasema. "Fa jaketi."

Mto ulikuwa unanguruma. Kasia lilikuwa bado juu.

Vincent ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwamsha mwenzake.

"Kananu. Anasema *vaa*."

Nilivaa lile jaketi la kuokolea. Mikono yangu haikuweza kufunga, Bishar akanifungia, mkono mmoja kwenye boti na mmoja kwenye kamba zangu. Mimi kwanza. Halafu mume wangu. Kama alivyosema.

Jaketi lake halikuwepo. La tatu lilikuwa limeoza.

Komora alitufikia na kamba ndefu. Sitakuchosha na jinsi walivyotutoa kwenye ule mti. Sikumbuki kwa mpangilio, na nisichokikumbuka sitaki kukibuni. Nakumbuka Komora akigusa kitu kimoja kidogo kwenye injini, ikawaka mara moja, akamwambia Vincent, "Hii ni kama mke, ina mahali pake." Na Vincent, anatetemeka meno, akacheka.

Nikachana kitambaa cha kichwa nikamfunga Bishar jicho.

"Kosa ni yangu," akaniambia.

Sikuweza kumtazama.

"Ningeambia nyinyi maji inakuja. Komora aliona. Mimi nikasema wacha, wageni wataogoba. Sasa mmeona maji wenyewe, mmekimbia. Wallahi, hata mimi ningekimbia."

Alidhani tumekimbia mto.

Ningemwambia pale. Kwa muda wa saa mbili na nusu tulikuwa tunapanda mto dhidi ya maji, mimi nimekaa hatua moja kutoka kwake, na sikusema. Simu yangu ilikuwa imekufa kwa maji. Ya Vincent ilikuwa imezama. Ujumbe wangu ulikuwa umeshafika, na hakukuwa na njia ya kuurudisha.

Hofu yangu haikuisha siku ile. Iligeuka tu upande. Sasa nilikuwa namwogopea yeye.

Daraja la Garissa lilipoonekana, nikaona watu kivukoni. Wengi. Nikaona gari la polisi, halafu la pili. Nikamwona Caro, mikono kichwani.

"Leo kuna nini?" akauliza Bishar. "Mtu amezama?"

"Bishar," nikasema. "Nisikilize..."

Boti ikagusa mchanga. Polisi wakamchukua kabla mguu wake haujakauka.

"Huyu ndiye," mtu akasema. "Ndiye wa kwenye picha."

Pingu. Wakamlaza kifudifudi. Kitambaa changu kikafunguka, damu ikaanza upya. Caro alikuwa amenikumbatia, analia, ananiambia nimeponea, nimeponea. Niliona simu kumi, ishirini, zote zimeinuliwa kumrekodi.

"Mwachieni," nikasema. "Nilikosea." Hakuna aliyenisikia. Mama mmoja akaniambia, "Pole, ni mshtuko."

Inspekta mmoja alikuwa mtu mtulivu. Akamkalisha Bishar, akafungua daftari lake juu ya boneti ya gari.

"Mwalimu anasema ulitaka kuwaua."

Bishar akanitazama.

Msomaji, jicho moja lilikuwa limefumba kwa damu. Hilo lingine ndilo lililonitazama. Nikaona akipanga mambo moja baada ya lingine: boti, kasia, "nimekukosea nini". Niliona siku nzima ikiingia mahali pake ndani ya jicho lile.

"Mimi?" akasema taratibu.

"Kule magofuni ulimwambia mwenye boti nini kuhusu hawa?"

Bishar ni mtu mkweli. Akajinyoosha.

"Nilisema lazima wafa."

Watu wakaguna. Inspekta akaacha kuandika.

"Rudia."

"Lazima wafa. Wote wawili. Nikasema wakikataa tunashika kwa nguvu. Hata leo nitasema. Mtu akiwa kwa boti na maji imejaa, lazima afa."

"Umesikia mwenyewe, mkubwa," askari mmoja akasema. "Amekiri."

 Kila alipojitetea alikuwa anajifunga. Aliongea ukweli mtupu, na ukweli wake, ukipita kwenye ulimi wake, ulikuwa unafika kwetu umekuwa mauaji.

"Mkubwa," nikasema. "Naomba umuulize neno moja."

"Lipi?"

"Muulize mume wangu anaitwa nani."

Inspekta akamgeukia Bishar. "Bwana wa mwalimu anaitwaje?"

"Finsent," akasema Bishar.

Inspekta akainua kichwa.

"Nani?"

"Finsent. Si huyu?"

Inspekta akamtazama Vincent, aliyekuwa amesimama na jaketi la machungwa bado kifuani. Akatazama lile langu. Akamtazama Bishar, ambaye kifuani hakuwa na kitu.

"Mwalimu," akasema. "Hebu andika wewe."

Akanipa kalamu. Nikaandika kwenye daftari lake neno alilolisema Bishar, lote, kwa herufi kubwa. WAVAE. V nikaikoleza mara mbili.

Akafunga daftari. Akasema pingu zifunguliwe.

Ningependa kukuambia kwamba yaliishia hapo.

Lakini Caro, kwa nia ya kuniokoa, alikuwa ameuweka ujumbe wangu kwenye kundi la walimu, na picha ya kwenye status yangu juu yake. Duara jekundu kwenye uso wa Bishar. Kundi la walimu likaupeleka makanisani. Kutoka hapo sijui. Wiki iliyofuata Bishar alikuwa anaenda kumwona dada yake El Wak. Basi liliposimama Habaswein, abiria mmoja akamtambua. Alishushwa, akawekwa ndani siku mbili mpaka inspekta wetu alipopiga simu. Nyanya zake kuna wanunuzi hawazichukui tena. Mtoto mwenzake alimwonyesha Sadia picha ya baba yake, kwenye simu, uwanjani.

Simlaumu Caro. Aliamini nilichoandika, kwa sababu niliyeandika ni mimi.

Tulienda kwao mimi na Vincent. Mke wake, Jawahir, akatuwekea chai ya maziwa. Sikuweza kuinua kikombe.

"Kunywa, Mwalimu," akasema. "Hatujaweka kitu."

"Jawahir, wacha," akasema Bishar.

"Sijasema kitu. Nimesema anywe."

Nikanywa. Ilinichoma ulimi, na nilishukuru.

Nikaomba msamaha. Nilikuwa nimeyapanga maneno usiku kucha, ya Kiswahili sanifu, na yote yakawa kama maganda. Bishar akasikiliza mpaka mwisho. Kovu lilikuwa limeanza kufunga juu ya nyusi.

"Mwalimu," akasema, "hii Kiswahili si yangu. Nimeazima kwa nyinyi, ili niongee na nyinyi. Kwa nyumba yangu siihitaji. Siku ukiona imebasuka mahali, uliza tu."

Uliza tu. Vincent alikuwa amesema hivyohivyo, katikati ya magofu.

Usiku ule nilifungua daftari la Sadia, lile la muhula uliopita. Ukurasa wa kumi na nne, insha yenye kichwa *Familia Yangu*. Ameandika: *Siku ya Ijumaa baba anafaa kanzu nyeupe.*

Juu yake msalaba mwekundu. Pembeni, kwa mwandiko wangu: *v, siyo f. Uwe makini.*

Nilikuwa nalijua kosa hilo, na nililipwa mshahara kwa kulijua. Nililiona kwenye karatasi ya mtoto, lakini nilipolisikia mdomoni mwa baba yake, nyuma ya ukuta, hofu ilikuwa imeshanisomea maana nyingine.

Sisemi usiogope. Hofu yetu haikuanza bure, na mimi bado ninayo. Nasema kwamba hofu ni msikilizaji mbaya. Husikia neno nusu, na nusu iliyobaki huijaza yenyewe. Ukiwa na nafasi ya kuuliza hata mara moja, uliza.

Ule ujumbe wa kwanza bado unazunguka. Huu ni mrefu, najua, na watu hawapendi kusambaza kitu kirefu. Nimejaribu kuufupisha nikashindwa. Kumchafua mtu kulinichukua maneno kumi na moja.

Kama uliwahi kuupokea ule wenye picha na duara jekundu, mrudie aliyekutumia, umpe huu. Na kama atasema hana muda wa kusoma wote, mwambie hili tu.

Bishar alisema tuvae.